Kila Chombo na Ubongo Wake

Leo mtaalamu wa ubongo akiulizwa kumbukumbu hukaa wapi, atajibu bila kusita kwamba haikai mahali pamoja: imo katika mtandao wa seli, katika namna seli hizi zilivyoungana na zile na zinavyosisimka kwa pamoja. Jibu hilo husemwa kana kwamba lilikuwepo tangu zamani, likimsubiri mtu mwerevu wa kulitamka. Historia haikwenda hivyo. Katika miaka mia moja na hamsini iliyopita, wachunguzi wa ubongo wameamini kwa zamu kwamba ubongo ni wavu mmoja usiokatika, kwamba ni jumuiya ya seli zinazojitegemea, kwamba kumbukumbu imetapakaa kote kwa usawa, kwamba seli moja yatosha kutambua sura ya mtu, na sasa kwamba kila jambo ni la kundi. Kila mara walikuwa na ushahidi mzuri, na kila mara ushahidi huo uliishia pale pale kilipoishia chombo walichokuwa nacho mkononi. Ninachodai hapa ni kwamba elimu hii, kabla ya kuwa historia ya mawazo, ni historia ya ufundi: rangi, kisu, sindano ya umeme na mwanga. Na mafundi wake, tena walio bora kabisa, mara nyingi waliuchukua mpaka wa chombo chao kuwa mpaka wa ubongo wenyewe.

Tuanze na rangi. Mwaka 1873 daktari Camillo Golgi alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika huko Abbiategrasso, karibu na Milan, na maabara yake ilikuwa jiko lililogeuzwa matumizi. Wakati huo ubongo ukiwekwa chini ya hadubini ulionekana kama kichaka kisichopenyeka. Nyuzi zilipishana kiasi kwamba haikuwezekana kujua upi unaanzia wapi na kuishia wapi. Golgi alikilowesha kipande cha ubongo katika daikromati ya potasiamu kwa siku kadhaa, kisha akakitia katika nitrati ya fedha. Kemikali hizo mbili zilipokutana ziliacha mashapo meusi ndani ya seli, na seli ikajitokeza nzima, mwili na matawi yake yote, nyeusi juu ya manjano. Ajabu ni kwamba rangi hiyo hushika seli chache tu katika kila mia, na kwa nini inachagua hizi na kuziacha zile halijaelezwa kikamilifu hadi leo. Uchache huo ndio uliokuwa faida. Kama ingeshika zote, kipande chote kingekuwa cheusi na hakuna ambaye angeona kitu.

Golgi mwenyewe aliona nini? Aliona nyuzi zinazoingiliana hadi kuwa wavu mmoja, na akaamini kwamba ubongo wote hufanya kazi kama kitu kimoja kilichoungana. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeonyeshwa rangi hiyo mjini Madrid mwaka 1887 na daktari mwenzake Luis Simarro, aliona kinyume chake: kila seli ni kiumbe kamili, na ncha zake hugusa seli nyingine bila kuungana nayo. Hapa msomaji makini atanikamata. Ikiwa chombo ndicho kinachoamua, vipi rangi moja iliwapa watu wawili majibu mawili? Kwa sababu haikuwa rangi moja. Cajal alirudia kulowesha mara mbili ili seli zishike vizuri zaidi, na badala ya ubongo wa mnyama mzima alitumia wa vijusi na vifaranga, ambao nyuzi zake bado hazijavikwa ala ya mafuta na bado ni fupi. Pale Golgi alipokuwa akitazama msitu uliokomaa, Cajal alikuwa akitazama kitalu. Mwaka 1889 alibeba hadubini na vioo vyake hadi Berlin, kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani, akawashika wakubwa wa fani mmoja mmoja hadi wakatazama. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya Stockholm kuipinga nadharia ya mwenzake aliyekaa ukumbini humo. Ugomvi wao haungeweza kumalizwa kwa hadubini ya mwanga hata wangeishi miaka mia mbili, maana mwanya kati ya seli na seli, tunaouita sinapsi, ni mdogo kuliko kile ambacho mwanga unaweza kuonyesha. Ulionekana miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilipoelekezwa kwenye neva, na Cajal akashinda. Lakini ushindi haukuwa kamili: mwaka 1959 Edwin Furshpan na David Potter walionyesha, katika neva za kamba wa maji baridi, kwamba ziko seli zinazopitishiana umeme moja kwa moja.

Kutoka kwa Cajal fani ilirithi imani kwamba seli moja moja ndiyo kipimo cha mambo, na chombo kilichofuata kiliikazia imani hiyo. Mwaka 1926, huko Cambridge, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walifanikiwa kusikiliza uzi mmoja wa hisi kutoka msuli wa chura. Waligundua kwamba mipigo ya umeme inayopita katika uzi huo ina ukubwa ule ule daima. Msuli ukivutwa kwa nguvu zaidi, kinachoongezeka ni idadi ya mipigo kwa sekunde. Kwa mara ya kwanza lugha ya hisi ilisikika, na ilisikika kutoka kwa msemaji mmoja. Miongo mitatu baadaye David Hubel alijinolea waya wa tungsteni hadi ncha yake ikawa nyembamba vya kutosha kusikiliza seli moja ndani ya ubongo. Mwaka 1958, yeye na Torsten Wiesel walikuwa Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakimwonyesha paka aliyelazwa kwa dawa ya usingizi vidoa vyeusi vilivyobandikwa kwenye kioo chembamba. Saa zilipita na seli waliyoisikiliza haikujali kidoa chochote. Kisha, walipokuwa wakikisukuma kioo ndani ya projekta, kipaza sauti kikaanza kutoa mipigo mfululizo kama bunduki. Kidoa hakikuwa na habari. Seli ilikuwa ikijibu kivuli hafifu cha ukingo wa kioo, mstari ulionyooka ukipita mbele ya jicho kwa mwelekeo mmoja mahsusi. Mstari ukigeuzwa kidogo, seli inanyamaza. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1959 na kuendelezwa kwa zaidi ya miaka ishirini, iliwapa Nobel ya mwaka 1981.

Ni rahisi kuona jinsi ugunduzi huo ulivyowavuta watu. Kama seli moja hutambua mstari, basi seli iliyo juu yake inayopokea kutoka kwa kadhaa itatambua pembe, na iliyo juu zaidi itatambua umbo, na huko kileleni lazima iwepo seli inayomtambua bibi yako na si mwingine. Jambo hilo la seli ya bibi lilianza kama mzaha wa mwalimu mmoja Mmarekani, Jerome Lettvin, lakini mzaha huo uliishi kwa sababu uliielezea vizuri dhana iliyokuwa ikitumika kazini kila siku. Kisha mwaka 2005 ukaonekana kama umethibitika. Kundi la Rodrigo Quian Quiroga lilikuwa likirekodi seli katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliowekewa elektrodi kwa sababu za tiba, likapata seli iliyojibu picha mbalimbali za mwigizaji Jennifer Aniston na kuzipuuza picha nyingi za watu wengine. Magazeti yalishangilia. Ila hesabu yenyewe inajipinga. Mchunguzi anasikiliza seli chache mno kati ya mamilioni, anaonyesha picha zipatazo mia, na bado anaipata seli inayojibu mojawapo. Kama kila mtu tunayemjua angekuwa na seli yake moja peke yake, uwezekano wa kuidaka kwa sindano ungekaribia sifuri. Inayodakwa hivyo ni lazima iwe moja ya nyingi zinazofanya kazi hiyo, na yenyewe iwe na kazi nyingine ambazo picha zile mia hazikuzigusa. Watafiti wenyewe walilisema hilo, na seli hiyo hiyo ilipojaribiwa tena ilijibu pia picha za Lisa Kudrow, aliyeigiza na Aniston katika tamthilia moja.

Wakati sindano ikifundisha kwamba seli moja ni kila kitu, kisu kilikuwa kimeshafundisha kwamba hakuna seli iliyo muhimu. Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafunza panya kupita katika njia za mzingo, akawakata sehemu ya gamba la ubongo, akawarudisha mzingoni kuona wamesahau nini. Alikata huku, akakata kule, kwa miaka mingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1929 alieleza kwamba kilichopunguza kumbukumbu ni ukubwa wa kipande kilichotolewa, si mahali kilipotolewa. Neno engramu, yaani alama ambayo tukio huiacha ubongoni, lilikuwa limebuniwa na Mjerumani Richard Semon mwaka 1904. Lashley aliitafuta alama hiyo maisha yake yote na mwaka 1950 akakiri kwamba hakuipata, akitania kuwa ukiangalia ushahidi wote ungesema kujifunza hakuwezekani kabisa. Binafsi naona huo ni uungwana mkubwa wa kisayansi, lakini uungwana hauzibi pengo la chombo. Panya mzingoni hatumii macho peke yake; anatumia pua, sharubu, nyayo na hesabu ya kona alizopinda. Ukimwondolea sehemu ya kuona, anapapasa; ukimwondolea ya kupapasa, ananusa. Kisu cha Lashley kilikuwa kipana, na kwa sehemu kubwa kilikuwa cha juu juu. Kilikata gamba na kuviacha vilivyo chini yake. Kilipoona usawa kila mahali, kilikuwa kikieleza upana wake.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja hii ni kwamba mawazo makubwa ya fani hayakungoja chombo. Thomas Young alipendekeza mwaka 1802 kwamba jicho lina aina tatu tu za vipokezi, na kwamba rangi zote nyingine hutokana na uwiano wa majibu ya hivyo vitatu. Hiyo ni fikra ya kundi kabla mtu yeyote hajaiona seli ya neva. Cajal alisema mwaka 1894 mbele ya wanasayansi wa London kwamba huenda kujifunza ni kuongezeka kwa miunganiko ya seli. Na Donald Hebb, mwanafunzi wa Lashley mwenyewe, alichapisha mwaka 1949 kitabu kinachosema kwamba seli inaposaidia mara kwa mara kuiamsha nyingine, muungano wao huimarika, na hivyo seli zinazoamka pamoja huwa kundi linaloweza kujiamsha lote hata likichokozwa sehemu tu. Karibu kila kinachosemwa leo kimo humo. Siwezi kukataa haya. Ninachokataa ni kwamba wazo peke yake lilitosha. Mwaka 1956 Nathaniel Rochester na wenzake waliijaribu kanuni ya Hebb kwenye kompyuta ya IBM, wakaona kwamba jinsi ilivyoandikwa haizai makundi yoyote. Ilibidi waongeze seli za kuzuia, zinazozinyamazisha jirani zao, ndipo makundi yakajitokeza. Hebb hakuwa ameziweka. Hilo ni kosa ambalo lisingegunduliwa kwa kukaa na kufikiri, na ni mashine iliyoligundua.

Mtu anaweza kuuliza pia: vipi kuhusu mgonjwa aliyebadili kila kitu bila chombo chochote? Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, alifanyiwa upasuaji huko Hartford, Marekani, mwaka 1953 akiwa na miaka 27. Daktari William Scoville alimtolea sehemu za ndani za ubongo za pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, ili kumtuliza kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo kila mgeni aliyetoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni mpya. Brenda Milner, aliyesafiri kutoka Montreal kumpima, aliandika pamoja na Scoville makala ya mwaka 1957 iliyomaliza enzi ya Lashley: mahali pana maana, na pana maana kubwa. Je, Milner alikuwa na chombo gani? Alikuwa na karatasi, kalamu na kioo cha kujitazamia. Alimchorea Molaison nyota ya mistari miwili, akamtaka apitishe kalamu katikati ya mistari huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua hadi akawa stadi, na kila asubuhi aliapa kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Aliyetegemea mahojiano peke yake angeandika kwamba mgonjwa huyu hajifunzi chochote. Kioo kile cha bei ndogo ndicho kilichotenganisha kumbukumbu ya tukio na kumbukumbu ya mkono, na kuthibitisha kwamba ni mifumo miwili. Hicho ni chombo, tena bora kuliko vingi vya gharama.

Baada ya Molaison, hipokampasi ikawa shabaha ya kila fundi. Huko Oslo, Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha mwaka 1973, kwa sungura waliolazwa, kwamba mfululizo mfupi wa mipigo ya haraka huuacha muungano kati ya seli ukiwa imara zaidi kwa saa kadhaa: kile Hebb alichokisema miaka 24 kabla sasa kilikuwa na mfano wa kupimika. Huko London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walikuwa wameripoti mwaka 1971 seli zinazotoa mipigo panya anapofika pembe fulani ya jukwaa na kunyamaza akiondoka. Hata hivyo walikuwa bado wakisikiliza seli chache kwa wakati mmoja. Badiliko lenyewe lilikuja kwa jambo linaloonekana dogo: nyaya nne nyembamba zilizosokotwa pamoja. Seli moja husikika kwa nguvu tofauti katika kila uzi, na kwa kulinganisha nyuzi hizo nne mchunguzi huweza kutenganisha sauti za seli nyingi zilizo karibu. Kwa mbinu hiyo Matthew Wilson na Bruce McNaughton, mwaka 1993, walirekodi makumi ya seli za hipokampasi kwa mara moja na wakaweza kukisia mahali panya alipo kwa kuzisoma seli hizo bila kumtazama panya. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba seli zilizopiga pamoja mchana zilielekea kupiga pamoja tena panya alipolala. Atazamaye ukindu mmoja wa mkeka hujua rangi yake na urefu wake; nakshi haimo ndani ya ukindu, na hakuna bidii ya kutazama itakayoitoa humo. Ndivyo ilivyokuwa kwa sindano ya Hubel, pamoja na uzuri wake wote.

Hisi nazo zilipata nyaya zao nne kwa njia nyingine. Linda Buck na Richard Axel walipata mwaka 1991 familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu. Panya ana takriban elfu moja, binadamu ana karibu mia nne zinazofanya kazi. Kama kila kipokezi kingekuwa na harufu yake, tungenusa vitu mia nne na kuishia hapo. Mwaka 1999 Buck na wenzake walitumia rangi inayong'aa seli inaposisimka, wakaona kwamba kipokezi kimoja hujibu harufu kadhaa na harufu moja huamsha vipokezi kadhaa. Harufu ya karafuu haina seli yake, ina mchanganyiko wake. Ni fikra ya Young iliyorudi baada ya karibu miaka mia mbili, safari hii ikiwa na vipimo.

Kisha ukaja mwanga, chombo kinachogusa mahali ambapo vingine vyote viliishia kutazama. Mwaka 2012, katika maabara ya Susumu Tonegawa huko MIT, Xu Liu na Steve Ramirez walipandikiza jeni ya protini ya mwani inayosisimka kwa mwanga katika hipokampasi ya panya kwa namna kwamba protini hiyo ijitengeneze katika seli zilizoamka wakati wa somo moja tu: kwamba katika kisanduku hiki umeme hupiga miguu. Baadaye, panya akiwa katika kisanduku kingine asichokiogopa, walipitisha mwanga wa bluu kwenye uzi mwembamba wa kioo hadi kwenye seli zile. Panya aliganda kwa hofu. Mwaka mmoja baadaye walimfanya panya aogope kisanduku ambacho hakuwahi kuumizwa ndani yake. Engramu ya Semon na Lashley ikapatikana, nayo haikuwa mahali wala haikuwa kila mahali. Ilikuwa kundi dogo la seli zilizotawanyika katikati ya nyingine zisizohusika. Lashley asingeweza kulikata kundi hilo kwa kisu chochote, na Hubel asingeweza kulisikia kwa sindano moja.

Lakini mantiki yangu mwenyewe inanidai deni. Kama kila zama zilichukua mpaka wa chombo kuwa mpaka wa ubongo, kwa nini zetu zisamehewe? Mtandao nao si kivuli cha kamera na kompyuta tulizo nazo? Kwa sehemu, ndiyo, na dalili zimeshaanza kuonekana. Mwaka 2013 kundi la Mark Schnitzer huko Stanford, likiwa na hadubini ndogo iliyofungwa kichwani mwa panya, lilifuatilia seli za hipokampasi kwa siku 45 katika mahali pale pale. Kati ya siku yoyote na nyingine, seli zilizorudi kazini zilikuwa asilimia 15 hadi 25 tu. Mahali palibaki pale pale, wafanyakazi wakabadilika. Ni vigumu kusema kundi hili ndilo kumbukumbu wakati kundi lenyewe halikai. Hata hivyo sikubali kwamba yote ni vivuli sawa. Sinapsi ya Cajal ilithibitishwa na hadubini ambayo hakuwahi kuiota, kanuni ya Hebb ilipimwa na watu waliokuwa na elektrodi kwa sungura, na hipokampasi ya Molaison ikasikilizwa, ikaangazwa, ikapigwa picha kwa vyombo visivyohusiana na kisu cha Scoville. Jambo linalosimama baada ya chombo kubadilishwa mara tatu lina haki ya kuitwa ukweli. Lililoonekana kwa chombo kimoja tu lapaswa kungoja.

Kwa kipimo hicho, ninachokitilia shaka zaidi leo ni waya, yaani imani kwamba ramani ya miunganiko ya seli inatosha. Mwaka 1986 John White, Sydney Brenner na wenzao wa Cambridge walichapisha ramani ya miunganiko yote ya seli 302 za neva za mnyoo mdogo, iliyochorwa kutoka kwa vipande vyembamba chini ya hadubini ya elektroni. Mwaka 2024 ikafuata ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, seli zaidi ya 139,000. Ila ramani ya mnyoo ina umri wa karibu miaka arobaini na bado hakuna awezaye kuisoma na kusema mnyoo atageukia wapi. Eve Marder alieleza mapema sababu mojawapo kwa kuchunguza fundo la seli zipatazo 30 linaloendesha tumbo la kaa: seli zile zile, miunganiko ile ile, zikimwagiwa kemikali tofauti hutoa midundo tofauti. Kemikali hizo husambaa nje ya sinapsi, na hadubini ya elektroni, ambayo hufanya kazi kwa ubongo mfu uliokatwakatwa, huona waya na haioni mtiririko. Tangu mwaka 2018 zipo protini zinazong'aa dopamini, mojawapo ya kemikali za aina hiyo, inapotolewa ndani ya ubongo ulio hai, na wapo maabarani wanaosema waya ni nusu tu ya habari.